Dakika Nne Hadi Ziwani

Jumatatu, 5 Novemba 2012

Habari kubwa! Muzee Hitimana, mwenye nyumba hii tunayopanga hapa Majengo, anauza. Alikuja saa ya bugali. Akakaa, akala, akanawa mikono, ndipo akasema. Amezeeka, mutoto wake wa Bukavu anamuita, anaondoka mwisho wa mwezi. Na kwa kuwa tumekaa kwake miaka minane bila kelele, anatupa sisi nafasi ya kwanza. Hadi Ijumaa tarehe 30. Ikipita hiyo, kuna mfanyabiashara mmoja wa soko anaitaka.

Muke wangu Kahambu alibaki na tonge mkononi. Machozi yakamlenga. Miaka sita anauza vitenge na kuweka akiba, anataka kitu kimoja tu hapa duniani: nyumba ambayo hakuna mutu atakayemwambia toka. Alitoka Beni kwa sababu ya vita. Akatoka Rutshuru kwa sababu ya vita. Mwaka 2002 volkano ikamtoa hapahapa Goma na sufuria kichwani. Nyumba hii ni ya mbao, vyumba vitatu, mabati ya kutu, ua wa mawe meusi. Yeye anaiona paradiso.

Mimi sikulia. Mimi ni profesa wa jiografia, yaani mwalimu wa sekondari, miaka kumi na tatu mbele ya ubao, avenyu yetu, barabara nzima, inaniita Prof. Nikamwambia taratibu: Mama Rosine (Rosine ni binti yetu, miaka kumi na miwili, mdomo mrefu), nyumba hainunuliwi kwa machozi. Kinachonunuliwa ni mtaa. Na Majengo iko kaskazini. Vita vikitoka Rutshuru vinapita Kibati, kisha vinabisha hodi wapi? Kwetu! Nipe wiki tatu nitafute mtaa wa maana.

Akaniangalia sana. Akasema sawa, Papa Rosine, tafuta. Mara moja hivyo! Hata hakubisha. Heshima bado iko nyumbani kwangu.

Jumatano, 7 Novemba

Jana Kahambu hakwenda sokoni. Alivaa kitenge cha misa, siku ya Jumanne, akatoka na Muzee Hitimana. Walirudi wakicheka. Sikuuliza. Nina kazi.

Leo asubuhi amenipa bahasha. Nono! Akasema: hii naiweka mikononi mwako, itumie kwa nyumba. Akiba ya miaka sita! Nimeitia ndani ya shati.

Nimechora ramani. Kipimo changu ni kipya kabisa, nakiandika hapa ili mutu asiniibie. Watu wa Goma wanachagua mtaa kwa kuangalia maji, umeme, shule, kanisa. Upuuzi! Sisi hapa tunafanya nini kuliko kitu kingine chochote? Tunakimbia. 1994 tuliwapokea waliokimbia. 1996 tukakimbia sisi. 1998 tena. 2002 volkano. 2008 tulikimbia nusu ya njia, tukarudi kula. Basi nyumba bora ni ile unayoweza kuikimbia haraka. Mutu anunue kwanza njia ya kutokea, vyumba baadaye. Kila mtaa nitaupa dakika zake.

Gauthier alipita jioni. Huyu ni kaka ya muke wangu, yaani shemeji yangu, yaani msalaba wangu. Alinunua Keshero mwaka jana, nyumba ya matofali, na tangu hapo hawezi kumaliza sentensi bila ziwa. Kule kwetu ziwani. Upepo wa ziwani. Usingizi wa ziwani. Aliiangalia ramani yangu yenye madoa, doa moja kwa kila mtaa, akauliza hiyo ni picha ya ngozi ya nani, na kama mgonjwa bado yuko hai. Nimeikunja.

Jumamosi, 10 Novemba

Siku ya kipimo cha kwanza: Majengo hadi mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda. Mutu hakimbii mikono mitupu, kwa hiyo kipimo cha kweli lazima kiwe na mzigo. Nilichukua godoro la Rosine, nikalifunga kamba, nikaliweka kichwani. Bidoni ya maji mkono wa kushoto. Saa tatu na dakika kumi asubuhi nikatoka mbio.

Mwanzo mzuri sana. Kwenye kona ya mama anayeuza makala, yaani mkaa, nikasikia: eeeh, Prof anakimbia! Sikugeuka. Kipimo ni kipimo. Mbele ya kinyozi nikasikia milango ya maduka inafungwa, ta-ta-ta-ta. Nikafikiri mvua inakuja. Nikaongeza mwendo. Karibu na barabara kubwa vumbi likazidi, ndipo nikageuka.

Mungu wangu! Avenyu nzima ilikuwa nyuma yangu! Magodoro kama thelathini. Masufuria. Mbuzi wawili. Mwanamume mmoja nusu ya kichwa imenyolewa, na kinyozi wake pembeni ameshika kiti. Chukudu, lile gari letu la mbao la kusukuma, limepakia bibi kizee mzima na redio yake.

Kosa langu liko wapi? Hapa Goma mutu akiona mwenzake anakimbia na godoro, haulizi. Anachukua lake. Nilisimama niwaelezee. Nilipiga kelele kwamba hakuna vita, hiki ni kipimo cha jiografia. Wakasikia neno vita. Wakanipita!

Wa kwanza walifika Birere, karibu na mpaka, kabla mutu hajawazuia. Mimi dakika 52, lakini nilisukumwa, kwa hiyo hesabu haifai.

Jumatatu, 12 Novemba

Shefu wa avenyu, kiongozi wetu wa serikali hapa, aliniita. Nimeomba msamaha mbele ya watu wote, nimesimama juu ya jiwe, kwa sauti, mara mbili kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Adhabu: nisionekane na godoro nje ya nyumba bila ruhusa yake. Gauthier alitoka Keshero makusudi kuja kuangalia. Alileta kiti chake.

Kahambu hakunigombeza. Aliniuliza tu: Papa Rosine, mimi nataka nyumba ya kukaa, wewe unanitafutia nyumba ya kukimbia? Nikasema ni kitu kimoja. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Lakini leo nimepata akili mpya. Birindwa, komisioneri, yaani dalali wa nyumba, alinitembeza nyumba saba. Zote zinauzwa, zote mbovu. Moja imeinama upande wa jirani kama inataka kumnong'oneza. Moja iko nyuma kabisa ya uwanja wa ndege, ndege ikishuka unamuona rubani anapiga mwayo. Nilirudi nimechoka roho. Njiani nikaona ukuta safi, geti zuri, na maandishi mekundu: NYUMBA HII HAIUZISHWI.

Maandishi hayo yako kila kona ya mji huu. Mutu akisafiri kidogo tu, ndugu au mpangaji anaiuza nyumba yake kwa mgeni, ndiyo maana wenye nyumba wanaandika. Watu wote wanayasoma na kupita. Mimi nilisimama. Nani anaandika haiuzishwi kwenye nyumba mbaya? Hakuna! Kumbe nyumba zote nzuri za Goma zimetiwa alama, na sisi tunazipita kila siku na macho yetu mawili!

Nikamwambia Birindwa kwamba kuanzia leo anionyeshe zile tu ambazo haziuzwi. Alivua kofia. Kisha akasema alikuwa anamuomba Mungu ampe mteja kama mimi tangu aanze kazi hii.

Jumatano, 14 Novemba

Keshero! Nyumba ya mawe, veranda, mti wa parachichi. Ukuta umepakwa chokaa mpya, lakini ukiinama upande wa jua unasoma vizuri kabisa: HAIUZISHWI. Nikaisoma mara mbili.

Alitupokea Nzabonimpa, bwana wa shati jeupe. Ni mpwa wa mwenye nyumba, mjane mmoja anaitwa mama Dative, ambaye eti amehamia Rutshuru moja kwa moja na kumwachia yeye madaraka yote. Alikuwa na ufunguo. Mutu mwenye ufunguo utamuuliza nini tena?

Kwenye kona ya chini ya ua kuna kibonde ambacho kuku hawaingii. Nzabonimpa alisema ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kuua kimya kimya, lakini iko pale tu, na ukipita haraka hakuna neno. Mimi nikaona ni faida. Mwizi akija upande ule, amekwisha.

Kisha nikapima. Mlangoni hadi majini: dakika nne! Na mtumbwi wa mvuvi umefungwa palepale, unangoja. Kutoka kwa Gauthier hadi majini ni dakika kumi na moja. Ya Gauthier nilirudia kuipima mara mbili kwa furaha.

Nimetoa bahasha nzima kama avansi, malipo ya kwanza. Nzabonimpa aliandika karatasi, Birindwa akawa shahidi, wakanipa mkono wote wawili kwa mara moja. Kahambu sijamwambia. Tarehe 30 nitampeleka nimemfunga macho kwa kitambaa, nimfungulie mbele ya ziwa. Atalia tena, na safari hii atakuwa na sababu.

Jumapili, 18 Novemba

Waasi wanaotoka Rutshuru wamefika Kibati. Tangu asubuhi mizinga, vioo vinatetemeka. Wakimbizi wa kambi za kule wameshuka wote, wanapita mbele ya mlango wetu: mizigo, watoto, mgonjwa amelazwa kwenye chukudu. Rosine ameacha kuongea, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe.

Kahambu alipika maharagwe ya wiki nzima kwenye sufuria moja, akaketi mlangoni anapakua. Mama mmoja alikuwa na mutoto mgongoni, miguu mitupu, inatoka damu kwa yale mawe yetu. Kahambu akavua kandambili zake akampa. 

Nikamwambia unaona sasa! Tuondoke, nina mahali. Akauliza mahali gani. Nikasema Keshero, dakika nne, usiniulize zaidi. Akasema hatoki. Akasema amekimbia mara tatu na hajawahi kurudia kitanda alichokiacha, na safari hii atakufa au atapona ndani ya nyumba yake. Nikamsahihisha kwa upole: nyumba ya Muzee Hitimana. Akaniangalia kwa namna ya ajabu, akaendelea kupakua.

Jumatatu, 19 Novemba

Niliondoka peke yangu asubuhi. Wazo lilikuwa hivi: niitayarishe nyumba ya Keshero, kisha niwarudie wote wawili kwa nguvu. Nilibeba godoro la Rosine. Ruhusa sikuomba, shefu wa avenyu mwenyewe nilimpita njiani na lake kichwani.

Kufika: mlango uko wazi, moshi unatoka jikoni. Mwanamke wa miaka sitini hivi amesimama kwenye veranda na mwiko. Mama Dative! Hajahamia Rutshuru hata siku moja. Alikwenda kwenye mazishi ya dada yake, wiki mbili, akarudi Ijumaa na ndugu kumi na saba waliokimbia naye. Mimi, bila kujua, nikamsalimia na kumwambia karibuni, mimi ndiye mwenye nyumba.

Mwiko ulishuka taratibu.

Akaniuliza kama nilisoma. Nikasema mimi ni profesa. Akanishika mkono, akanipeleka nje hadi ukutani. Mvua ya juzi imeosha chokaa yote, herufi ziko wazi, kubwa kama mutoto wa darasa la kwanza. Akasema soma. Nikasoma. Akasema kwa sauti. Nikasoma kwa sauti. Wale kumi na saba walisikia wote.

Nikamtajia Nzabonimpa. Alifumba macho, akasema huyo atamtafuta yeye mwenyewe. Nilitaka kurudi Majengo, lakini wanajeshi wamefunga njia. Basi mama Dative akaamua. Kwa kuwa nimeleta godoro, watoto wawili watalala juu yake. Mimi nitalala kwenye veranda. Na nisisogee kona ya chini, hataki maiti ya profesa kwenye ua wake.

Jumanne, 20 Novemba

Risasi tangu alfajiri, upande wa kaskazini. Kaskazini ni kwetu. Nimempigia Kahambu mara thelathini na moja. Simu imekufa. Hapa siandiki mzaha: naogopa. Mutu wa akili gani anakwenda kutayarisha nyumba ya kukimbilia na kuwaacha nyuma watu wa kukimbia nao? Jiografia miaka kumi na tatu!

Mchana wanajeshi wa serikali wakapita barabara ya Sake, wanakwenda mbio, nusu ya mji nyuma yao. Mutu akapiga kelele kwamba waasi wameshaingia. Mimi miguu haikungoja. Mlangoni hadi majini: dakika nne kamili, naapa, labda tatu na nusu. Nikasimama, maji magotini. Mtumbwi haupo! Mvuvi si mjinga, aliondoka nao jana. Nikaliangalia ziwa. Kubwa kweli. Kipimo changu kilikuwa kizuri hadi majini. Baada ya majini sikupima kitu.

Mama Dative hakukimbia. Alinikuta pale nimesimama, akanipa bidoni mbili. Akasema kwa kuwa nimeshafika ziwani, basi nichote, bomba limekatika. Safari tisa. Watu kumi na tisa wanakunywa sana.

Jumatano, 21 Novemba

Nimerudi kwa miguu. Mji umenyamaza. Waasi wamesimama kwenye kona na bunduki zao, wananiangalia tu. Godoro la Rosine nimeliacha. Wale watoto wawili walikuwa bado wamelala juu yake, nani angewaamsha?

Nilipoingia Majengo nilitembea nimeinamisha kichwa. Sikutaka kuona. Avenyu iko. Ua uko. Nyumba iko! Mabati yametobolewa, mwanga unaingia kwa matundu kumi na manne, na ndani ya korido kuna majirani kama ishirini, Muzee Hitimana katikati yao na rozari. Kahambu akatoka jikoni na unga mikononi.

Nikaanza kueleza. Akanishika shati, akanivuta, akaweka kichwa chake begani kwangu. Nililia mbele ya watu ishirini na sioni haya.

Rosine akauliza godoro lake liko wapi. Basi nikajua mambo yamerudi kawaida.

Nikaenda kujilaza kidogo. Kitandani kwangu kuna mutu anakoroma. Gauthier! Amekimbia Keshero jana na suruali moja, amekuja kwa dada yake. Akafungua jicho, akasema huku Majengo kuna usingizi mzuri sana.

Jumapili, 25 Novemba

Mama Dative ametuma habari: amempata mpwa. Nikaenda mbio. Nzabonimpa alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya ndugu kumi na saba, shati si jeupe tena. Pesa yangu haipo. Ameshaigeuza mabati! Alipiga hesabu kwamba baada ya vita kila mutu atatafuta mabati. Huyo naye ana akili, inauma kukubali. Mama Dative akaamuru anipe yote, na anisaidie kusukuma. Chukudu tatu, mabati thelathini na moja. Birindwa haonekani, simu yake inasema haipo.

Nimeyaficha kwa mlinzi wa shule. Nilifikiri niyauze upesi nipate pesa kabla ya tarehe 30. Nimezunguka maduka manane. Kila mutu anataka mabati, hakuna aliye na pesa. Nikamwendea Muzee Hitimana kwa siri, nikamuuliza kama mutu anaweza kulipa nyumba kwa mabati. Alicheka hadi akakohoa, akanipiga mgongoni, akasema nikaongee na muke wangu.

Siwezi. Kila asubuhi Kahambu anafagia ua huu kwa furaha, anang'oa majani, amepanda lengalenga karibu na ukuta. Zimebaki siku tano na anapanda mboga! Namuangalia dirishani, kisha nafunga pazia.

Ijumaa, 30 Novemba

Imefika. Sina pesa, sina Keshero, nina mabati.

Nilimkuta jikoni. Nikapiga magoti kwenye majivu. Nikasema Kahambu, nimekula nyumba yako. Miaka yako sita nimeitia kwenye ukuta ulioandikwa haiuzishwi. Nikamsimulia yote, sikuruka kitu, hata mtumbwi. Sauti yangu ilikuwa imekwisha nilipofika kwenye chukudu ya tatu.

Akainuka, akafungua Biblia, akatoa karatasi. Ni ya nyumba hii. Jina: Kahambu. Sahihi ya Muzee Hitimana. Muhuri wa shefu wa avenyu. Tarehe: 6 Novemba.

Tarehe sita! Ile Jumanne ya kitenge cha misa! Mimi nilikuwa hata sijachora ramani!

Nikauliza wiki tatu zilikuwa za nini basi. Akasema nilitaka kutafuta, akaniacha nitafute, maana nikiwa natafuta sipati nafasi ya kuharibu. Na bahasha? Akasema si aliniambia niitumie kwa nyumba? Ilikuwa ya kubadilisha mabati. Alikuwa na nyumba moja tu kichwani, hakujua kwamba mimi nina nyingine. Nikauliza nani mwingine alijua. Muzee Hitimana, bila shaka. Shefu wa avenyu. Gauthier! Rosine! Hata mama wa makala!

Nilibaki pale chini kidogo. Hasira nilikuwa nayo, sitaficha. Lakini kitu kizito kilinitoka kifuani, hasira ikakosa mahali pa kukaa. Nikaenda kwa mlinzi wa shule, nikaleta chukudu tatu. Kahambu aliyapima kwa macho, akasema yanatosha nyumba nzima na choo.

Kwa hiyo nilichoagizwa ni mabati, na mabati nimeleta. Kwa njia ndefu kidogo.

Jumamosi, 1 Desemba

Waasi wametoka mjini leo, wanarudi upande wa Kibati. Watu wamesimama barabarani wanahesabu magari yao. Muzee Hitimana naye ameondoka kwenda Bukavu. Alimpa Kahambu ufunguo kwa mikono miwili, akamuwekea mkono kichwani, akambariki. Gauthier amerudi kwake Keshero. Hajataja ziwa tangu wiki jana.

Baadaye nilimkuta Kahambu chumbani. Tuna begi moja jeusi ambalo tangu tuoane linakaa nyuma ya mlango, katika kila nyumba tuliyopanga: nguo za kila mutu, vyeti, chumvi, kiberiti, tayari kwa kubebwa. Leo amelifungua. Akatoa kitu kimoja kimoja, akapanga kwenye rafu. Magauni ya Rosine yaliyokuwa ndani ni ya mutoto wa miaka mitano. Kisha begi akalijaza vitunguu, akalitundika jikoni. Akasema hapa hatoki tena mutu. Alivyosema, sijawahi kumuona hivyo. Nilipata furaha ambayo sijui kuiandika.

Fundi amemaliza paa jioni. Linang'aa! Linaonekana toka barabara kubwa. Ndiyo maana Birindwa, ambaye simu yake sasa inaita vizuri, alisimama nje akaweka mkono juu ya macho. Nilimkaripia kwa ajili ya Keshero, nusu saa nzima, akakubali kila neno. Kisha akasema kwa paa hili, na waasi wakiwa wameondoka, Majengo sasa ndiyo mtaa wenyewe. Ana mteja, mutu mkubwa wa shirika moja, anatafuta hasa hapa. Na kwa bei atakayotoa mutu anaingia Himbi, mtaa wa matajiri, choo cha ndani, maji ya moto.

Nikasema hapana. Nilisema waziwazi, mara mbili. Nyumba hii ni ya muke wangu, haitoki mikononi mwake. Birindwa akasema anaelewa kabisa, lakini mteja anataka kuona tu. Kuona si kuuza. Hapo nikakubali, maana ni kweli.

Watakuja Jumatatu saa nne asubuhi, Kahambu akiwa sokoni. Nimemuonya Birindwa kwamba wavue viatu mlangoni. Mama Rosine amepiga deki leo, na anaipenda sana nyumba yake.